Wasimamizi wa Ndoa na Mbwa Asiyebweka

Tulimzika Papa Deo wiki mbili zilizopita, hapa Kingi, katika milima ya Masisi, kwenye mteremko ulio nyuma ya kanisa, na kwa kuwa mvua ilikuwa imekataa kunyesha tangu asubuhi, watu walipata nafasi ya kusema uongo kwa utulivu. Walisimama mmoja baada ya mwingine. Mwalimu wa shule ya msingi alisema marehemu alikuwa mjenzi wa ndoa. Kiongozi wa kwaya akasema hakuna nyumba ya vijana katika kilima hiki ambayo Papa Deo hakuitia msingi. Mchungaji, ambaye amehamia kwetu juzijuzi tu na hajui lolote, alisema tumepoteza kioo cha kujitazamia, kisha akaomba kila mume aliyehudhuria amgeukie mkewe na kumwambia neno moja zuri kwa heshima ya marehemu. Kubuya, mume wangu, akanigeukia, akaninong'oneza kwamba maharagwe ya matanga hayakuiva. Nilijifunika kitenge usoni, mabega yakanitikisika, na mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akanipapasa mgongo akidhani nalia.

Sikuwa nalia. Mimi si mtu wa kumlilia Papa Deo. Yeye na mkewe, Mama Beatrisi, walikuwa wasimamizi wa ndoa yetu, parrain na marraine kama tunavyowaita kwetu, na asiyetujua aelewe kwamba kwetu msimamizi si mtu wa kuvaa tai siku moja, kusimama kanisani na kupigwa picha. Ni mtu anayepewa ruhusa ya kuingia katika ndoa yako kama anavyoingia jikoni kwake. Anauliza mlikula nini. Anauliza kama mlisali kabla ya kulala na nani alitangulia kusema amina. Mkigombana yeye ndiye hakimu, na msipogombana anashuku kuna kitu mnaficha. Niliwavumilia watu hao wawili mwaka mzima, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, na huo ndio mwaka ulionifanya niwe mwanamke ambaye Kingi nzima inasema ana mdomo. Sikuzaliwa nao. Ulinikuta ukubwani, mezani, mbele ya sahani ya sombe, yaani majani ya muhogo ya kutwanga.

Tulikuwa na nyumba ya mbao juu kidogo ya barabara, yenye vyumba viwili na salon ya kukaribishia wageni, na jiko la nje lililoegemea mgomba. Kubuya ni seremala na mpasua mbao, mtu wa Walikale, wa msituni kabisa, aliyepanda kuja kwetu Masisi kufuata kazi na akabaki kwa sababu niliimba sauti ya pili kwenye kwaya na yeye hakuwa na akili ya kujikinga. Alitengeneza viti vinne vya salon kwa mkono wake. Kimoja kilikuwa na mikono na mgongo mrefu, nacho kiliwekwa dirishani ili yeye, mwenye nyumba, akalie jioni na kutazama mawingu yakishuka juu ya malisho. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kroshe. Nilifuma kitambaa cha kila kiti, nikafuma cha redio, nikafuma cha thermos, na vitu vya kufunikwa vilipoisha nikafuma cha kufunikia vitambaa vilivyokunjwa. Kubuya alisema siku moja ataamka akute amevishwa. Tulikuwa tunacheka sana katika nyumba ile. Yeye alikuwa hawezi maziwa, na Masisi hakuna nyumba unayoingia bila kuwekewa maziwa mkononi, kwa hiyo alijifunza kuyanywa akiwa amefumba macho kama mtu anayesali, na wenyeji walimsifu kwa uchaji.

Kutoka kwao alileta kitu kimoja tu cha thamani machoni pake, nacho kilikuwa mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa mdogo, mwekundu, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, na aliitwa Sikia. Mbwa wa msitu wao hawabweki. Si kwamba wamefundishwa kunyamaza. Hawabweki tu, ndivyo walivyoumbwa, na ndiyo maana wawindaji wa huko huwavisha kengele ya mti shingoni ili mbwa akipotea kichakani wamfuate kwa mlio. Wanapokwenda, kabla ya kuanza kuwinda, hujaza majani ndani ya kengele isilie na kumshtua mnyama. Wakifika mahali pao, wanatoa majani, na mbwa anaachiwa. Kubuya alichonga kengele hizo jioni, kwa vipande vya mbao vilivyobaki kazini, akizigonga sikioni kusikiliza kama mti umekubali. Baba yake alikuwa akizisemesha kengele maneno fulani kabla ya kwenda porini. Kubuya, aliyebatizwa na kuishika dini kwa nguvu, hakuzisemesha kitu. Alizijaza majani tu, na hiyo ilitosha kutuletea balaa.

Kwa maana hapa Kingi hakuna msitu. Kuna maharagwe, muhogo, migomba, na ng'ombe wa watu. Lakini chini kwenye mto kulikuwa na matete, na ndani ya matete kulikuwa na ndezi, wale panya wakubwa wa kuliwa, wanene walioshiba mihogo yetu, na kila Jumamosi Kubuya alimfunga Sikia kengele, akachukua panga, na mimi nikachukua jembe ili watu waone naenda shambani. Jembe halikufanya kazi yoyote. Tulishuka bila kusema, kengele ikiwa imezibwa, na tulipofika kwenye matete alitoa yale majani kwa vidole viwili, polepole, akinitazama kama mtu anayefungua zawadi. Kisha Sikia anapotea, na mlio mkavu wa mti unazunguka kushoto, kulia, mbali, karibu, na sisi tunakimbia nyuma yake, mimi kitenge nimekipandisha magotini. Mara nyingi hatukupata kitu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na nasema hivyo nikiwa nimezaa watoto na kuona wengine wakiolewa. Tulirudi na matope, tukapika maharagwe ya jana, tukala kwenye sufuria moja.

Sasa wawazie watu hawa wawili wakija kila Jumapili baada ya ibada. Papa Deo alitangulia, fimbo mkononi, koti lake la rangi ya majani limefungwa vifungo vyote, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, kiti cha mume wangu, akakalia kitambaa changu bila kukitazama. Mama Beatrisi alikaa mkabala naye, karibu na mlango, mahali ambapo angeweza kuona jiko. Alionja bugali yangu na kusema imekuwa laini. Wiki iliyofuata alisema imekuwa ngumu. Papa Deo alikuwa akimaliza kwanza nyama, kisha anaanza mafundisho, na mafundisho yake yalikuwa neno moja lililotandazwa mchana kutwa.

"Ndoa njo kuongea," alisema. "Munaelewa, batoto? Bwana na bibi basipoongea, shetani iko naongea mahali pabo."

"Ambia habari ya ile daraja, Papa," Mama Beatrisi anasema.

"Aa, ile ya daraja. Mwaka ile mvua ilibeba daraja, nilimubeba huyu mama mu mugongo mpaka ngambo."

"Na ukaniangusha."

"Sikukuangusha. Uliteleza."

"Ulikuwa unacheka, njo maana uliniangusha."

Na hapo mafundisho yanakwisha, kwa kuwa wameshika daraja, na kutoka daraja wanashika mbuzi waliyekuwa naye zamani, kama alikuwa mweusi au mweusi mwenye baka, na kutoka mbuzi wanashika shangazi aliyekufa. Walizungumza hivyo mpaka maharagwe yakaisha, chai ikaisha, kivuli cha mlima kikaingia salon. Sisi wenye ndoa tulikaa pale kama wageni katika nyumba yetu. Walisahau tupo. Nilidhani wanajionyesha, na niliwadharau kwa hilo kuliko kwa jambo lolote jingine, kwa sababu nani anahitaji kujionyesha kwa watu wawili wenye viti vinne? Ilipofika saa ya kwenda, kila mmoja alitafuta sababu ya kuchelewa. Papa Deo alitafuta fimbo iliyokuwa mkononi mwake. Mama Beatrisi aliomba maji asiyoyanywa. Na mwaka mzima huo hawakutualika kwao hata mara moja, ingawa nyumba yao ilikuwa upande wa pili wa kilima tu, na bati lake tuliliona kutoka shambani.

Nilianza kuwa na hatia ya tumbo mapema. Mama Beatrisi alilitazama kila Jumapili kabla ya kunisalimia usoni, na lilipoendelea kuwa tumbo la kawaida aliguna. Halafu siku moja alikuja bila mumewe, katikati ya juma, akamkuta Sikia amelala mlangoni. Mbwa akanyanyua kichwa, akamtazama, akakirudisha. Mama Beatrisi alisimama pale pale.

"Riziki. Hii imbwa haibweke?"

"Haibwekake, Mama. Iko ya kwabo, Walikale. Zote ziko vile."

"Imbwa ya kunyamaza inaona nini ya kunyamazia?" Kisha akaiona kengele iliyoning'inizwa kwenye msumari, bado ina majani ya Jumamosi. Akachomoa jani moja kwa ncha za vidole. "Na hii dawa, nani alitia?"

Nilimweleza. Ni afadhali ningemweleza ng'ombe. Kufikia jioni, akina mama wa kikundi cha sala walikuwa wanajua kwamba yule seremala wa msituni anafuga mbwa bubu mwenye dawa shingoni, na kwamba mbwa huyo ndiye amefunga tumbo la mke wake. Kuna mwanamke aliyeniona nikikimbia kwenye matete magoti wazi, na huyo naye aliongeza chake. Kwetu mtu akikosa mtoto kwa miezi michache, daktari wa hospitali ya Mweso atasema subirini. Lakini nani amwendee daktari wa Mweso wakati kuna mbwa?

Walikuja kumwombea abweke. Naandika sentensi hiyo na bado siamini nilikuwepo. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, siku yetu, na uani kwetu palijaa vitenge. Kubuya alimshika mbwa kwa kamba, uso umemwiva kwa aibu, kwa kuwa ni mtu mpole na aliwaheshimu wale wazee kwa moyo wake wote. Waliimba. Papa Deo alivua kofia, akaweka mkono wake juu ya kichwa cha Sikia, akaiamuru roho ya ububu imtoke katika jina la Yesu. Sikia akapiga mwayo. Papa Deo akabonyeza zaidi, akapandisha sauti, akamtikisa. Wale mbwa hawabweki, lakini hawakosi sauti kabisa. Ukiwaudhi sana wana mlio wao, kitu kati ya kilio cha mtoto na mtu anayeanza kuimba bila kujua wimbo. Sikia aliutoa wote. Sijaona watu wa Mungu wakikimbia vile. Mama mmoja mnene aliacha kiatu kimoja uani na hakurudi kukichukua, na Papa Deo, jemadari wa Bwana, alikuwa amefika barabarani kabla fimbo yake haijaanguka chini.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini waliporudi Jumapili hawakuwa wanacheka. Papa Deo alisema sasa imejulikana kuna kitu ndani ya mbwa. Kabla ya Pasaka mbwa aondoke na kengele zote zichomwe. La sivyo yeye na marraine watalipeleka jambo letu kwenye baraza la wazee wa kanisa, na mimi nitarudishwa kwa wazazi wangu niombewe mpaka itakapojulikana kama ndoa hii ilifungwa na Mungu ama na msitu. Alisema hivyo huku anatafuna. Mama Beatrisi alitikisa kichwa kukubali, na akamwambia mumewe, kwa sauti tamu, kwamba ana kipande cha sombe kwenye ndevu.

Kubuya hakubishana. Walipoondoka alikaa juu ya kigogo nje, mbwa katikati ya miguu yake, na nilipomuuliza atafanya nini, alijibu bila kunitazama.

"Nitairudisha kwetu."

"Utairudisha, kiisha?"

"Kiisha nitaona."

Najua mwanaume anayesema ataona. Kutoka hapa mpaka kwao ni njia ndefu ya kushuka, matope na vizuizi, na mwishoni kuna msitu, na ndani yake kuna baba na ndugu wasiomlazimisha kunywa maziwa. Hakuna aliyemdharau kule. Mtu akiteremka njia hiyo na mbwa wake, akiwa ameambiwa mbele ya mkewe kwamba yeye ni laana, anapanda tena kufanya nini? Alianza kuanika muhogo wa safari. Alishusha kengele zake zote kwenye msumari, akazifunga kwenye gunia. Nyumba ikawa na ukimya ambao hatukuuzoea, na mimi nikawa nafuma kroshe bila kujua nafuma nini. Nilikuwa naogopa. Nilimpenda mtu yule kwa namna ambayo haikuwa ya kikanisa wala ya kishamba, nilimpenda kwa kukimbia nyuma yake kwenye matete, na ndoa yetu ilikuwa inanyongwa na watu wawili waliokula chakula changu.

Kwa hiyo nilikwenda kwao kuwaomba. Nilichukua kikapu cha maharagwe mabichi, nikazunguka kilima. Sikuwa nimefika mlangoni, nilikuwa bado nyuma ya ua wa matete, niliposikia Mama Beatrisi akiongea uani.

"Wee kuku," alisema, "kama kuna mutu anatafuta koti yake, iko ku kamba. Imekauka."

Nikadhani kuna mgonjwa wa akili. Nikachungulia. Alikuwa peke yake na kuku, kuku mmoja mweupe aliyekuwa anapekua majivu. Papa Deo akatoka ndani, akapita mbele ya mkewe kama unavyopita mbele ya mti, akatoa koti kwenye kamba, akarudi ndani.

"Kuku," Mama Beatrisi akaendelea, "na kama kuna mutu ana njaa, bugali iko pale."

Nikapiga hodi. Sura zao zilibadilika mara moja, lakini nilikuwa nimeshaingia, na mazoea ni mazoea, hawakuweza kuyaficha yote. "Riziki, ambia parrain wako chakula iko mezani," mama aliniambia, na parrain wangu alikuwa amesimama mlangoni, hatua chache tu. "Ambia marraine wako nimeshaona," alijibu yule bwana. Niliketi. Salon yao ilikuwa na kiti kimoja kilichotumika na kingine chenye vumbi. Kulikuwa na vyumba viwili vya kulala, kimoja kila upande, na mlango uliokuwa kati ya vyumba hivyo ulikuwa umezibwa kwa kabati kubwa la nguo, na kabati lenyewe limepigiliwa ukutani kwa misumari mirefu, misumari ya zamani yenye kutu. Nilisahau kuwaombea mbwa. Nilisahau maharagwe, nikaondoka nayo. Njiani nilikuwa nacheka na kukasirika kwa wakati mmoja. Hawa. Hawa ndio walionikalisha Jumapili baada ya Jumapili kunifundisha kuongea na mume wangu.

Sikumwambia Kubuya. Nilisubiri.

Jumapili ya mwisho kabla ya Pasaka walikuja kuchukua jibu. Nilipika vizuri kuliko siku zote: sombe iliyotwangwa mpaka ikalainika, bugali, na vipande vya ndezi wa mwisho ambaye Kubuya alimkausha juu ya moto. Gunia la kengele lilikuwa limeegemezwa ukutani, kamba ya mbwa juu yake, kwa kuwa Kubuya alikuwa anaondoka kesho yake. Sikia alilala chini ya meza. Papa Deo alimaliza nyama, akafuta mikono, akajiegemeza kwenye kiti cha mume wangu.

"Ndoa, batoto," alianza, "ndoa njo kuongea."

Nikainama, nikamtazama mbwa chini ya meza.

"Sikia," nikasema, "ambia parrain na marraine vile: hapa imbwa haiongeake, lakini batu banaongeaka. Kule kwabo, kuku njo inabebaka maneno, na kabati njo inalalaka katikati yabo. Bakatoe kwanza ile misumari. Kiisha bakuje kuniuliza ya imbwa yangu."

Mama Beatrisi aliweka kijiko chini taratibu sana, kama kinaweza kuvunjika. Nilimtazama Papa Deo nikitegemea anigeukie mimi, anitukane, aniite mtoto asiye na adabu, na nilikuwa na maneno mengine tayari. Hakunitazama. Alimtazama mkewe. Alimtazama kwa muda mrefu, akasimama, akavaa kofia, akatoka, na kwa mara ya kwanza hakutafuta fimbo. Mkewe alimfuata akiwa bado anatafuna.

Kubuya alibaki ameshika kipande cha bugali hewani. "Ulisema nini, Riziki?" aliniuliza, ingawa alikuwa amesikia kila neno. Nikamweleza habari ya kuku. Alianza kucheka polepole, kwa tumbo kwanza, kisha akalala kifudifudi mezani, na nilipomwona anacheka vile nilijua hateremki kwenda popote. Jioni alifungua gunia, akazirudisha kengele kwenye msumari moja moja. Baraza la kanisa halikusikia lolote. Mtoto wetu wa kwanza alikuja mwaka uliofuata, na Sikia alikuwa bado hajabweka. Kuhusu wasimamizi wetu, hawakukanyaga tena kwetu. Tulisalimiana kanisani kwa mbali. Kubuya alirudi kwenye kiti chake cha dirishani, nami nilikifumia kitambaa kipya, chenye maua, kwa ushindi.

Basi siku ya matanga, watu walipokuwa wanaendelea kumsifu mjenzi wa ndoa, Mama Beatrisi aliniita chumbani kwake. Amezeeka, macho yana ukungu, mikono imekuwa mifupa. Kabati lilikuwa pale pale. Nilitazama misumari kabla sijamtazama yeye, na moyoni nikasema: mpaka amekufa. Sikumhurumia. Nilikaa kitandani nikingoja aniambie neno la kidini.

"Riziki," alisema, "kwako njo tulikuwa tunaongeaka."

Nilimsogelea nimsikie vizuri.

"Hapa ilishindikanaka. Hata sababu tulisahau. Lakini Siku ya Mungu, kwako, mbele ya batu, alikuwa ananiongelesha. Ile ya daraja. Ile ya mbuzi. Nilikuwa nangojea juma yote." Alikunja kitambaa chake cha kulilia, akakikunjua. "Kiisha ukasema ile ya kuku. Yeye alifikiri miye njo nilikuambia. Alifikiri nilipeleka haya ya nyumba yetu inje. Tangu ile siku, mpaka anakufa, hakuniongelesha fasi yoyote. Hata ku kanisa."

"Na haukumuambia haiko wewe, Mama?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu.

"Nilimuambia. Nilimuambia kuku."

Nimelifikiria neno hilo tangu siku ile, nikichambua maharagwe, nikifuma, nikiwa kanisani. Sijabadilika. Walitaka kunitenganisha na mume wangu kwa sababu ya mbwa, na kama wangekuja kesho na kosa lile lile ningewajibu vile vile, pengine kwa maneno makali zaidi, kwa kuwa sasa nina mazoezi. Watu waliokaa nyumba moja miaka yote hiyo wakashindwa kung'oa misumari sitawaita kioo cha mtu yeyote. Ninawadharau. Ila hasira yangu haikai mahali pake kama zamani, na hilo linaniudhi.

Jana, baada ya ibada, alikuja. Hakuna aliyemwalika. Alipanda kilima peke yake akipumzika kila kona, akaingia bila hodi kama enzi zile, na Kubuya, ambaye bado ni mpole, akainuka haraka kwenye kiti cha dirishani ampishe. Hakukitaka. Alikwenda kuketi mahali pake pa zamani, karibu na mlango, mkabala na kile kiti alichokuwa akikalia Papa Deo, kikabaki kitupu. Nikaleta chai, vikombe vitatu. Chini ya meza alikuwa amelala mbwa tuliye naye sasa, wa aina ile ile, mwekundu, mkia umejikunja.

"Hii nayo haibweke?" Mama Beatrisi aliuliza.

"Haibwekake, Mama."

"Ni muzuri," alisema. Aliipuliza chai yake, kisha akaiweka chini, akainama kwa taabu mpaka uso wake ukafika karibu na masikio ya mbwa.

"Imbwa," alisema, "ambia ule mwenye kiti: haiko miye nilimuambia Riziki."

Mbwa alimtazama, akatazama kiti. Nikaenda jikoni kuleta kikombe cha nne.